Gauni linaanzia begani: kwa mnaoingia kwenye kazi hii

Vijana wanaotaka kutengeneza magauni ya sanaa kwa vitu vya kuokota huniuliza kwanza napata wapi vizibo vya chupa. Vizibo vipo. Nenda baa yoyote ya Sinza au Kinondoni, hapa Dar es Salaam, zungumza vizuri na wahudumu, waachie ndoo yenye mfuniko, na ukirudi kuichukua usiwasahau kwa hela ya soda. Magazeti, mifuko ya saruji, viroba vya unga, nyaya, vyote vinapatikana mtaani kwako. Cha kuuliza ni hiki: ulichokusanya kitakaaje kikitundikwa? Gauni, liwe la hariri au la bati, linaning'inia kutoka mabegani na uzito wote unavuta kwenda chini. Ukilianza kutoka kwenye ujumbe unaotaka kuutoa, ukaacha mabega yatajijua yenyewe, litakuchanikia mikononi.

Kwa hiyo, wadogo zangu, kabla ya chochote nendeni mkakae na fundi cherehani. Mwombeni awaache mshone pindo, mpige pasi, mumwone anavyopima mteja. Halafu nunua gauni la mtumba pale soko la Karume, lenye mikono na bitana, lililokatwa vizuri hata kama rangi imepauka. Lifumue kwa wembe mshono kwa mshono, upange vipande vyote sakafuni. Utaona kwamba mkono kwa juu haukukatwa kwa mstari ulionyooka, umepandishwa katikati ili uzunguke bega. Utaona shingo ya mbele imeshuka kuliko ya nyuma, na kwamba sketi pana ni sehemu ya duara na wala si mstatili uliokunjwa kiunoni. Chora kila kipande kwenye karatasi ya kaki, andika mbele, nyuma, kushoto, kulia, uhifadhi. Ukiwa na vipande hivyo umbo unalo tayari. Kinachobaki ni kuamua utalijaza kwa kitu gani.

Sasa tuje kwenye vizibo, maana ndivyo wengi wanavyoanza navyo.

Shika kizibo cha soda ukitazame. Kina meno 21, hesabu. Ni bati la chuma lililopakwa rangi kwa nje, na ndani kuna utando wa plastiki. Ukikilaza juu ya chuma kizito na kukigonga kwa nyundo, meno yanafunguka na kulala, lakini rangi inapasuka kwenye mikunjo, na kutu inaingilia hapo hapo. Huku kwetu pwani, kwa hewa hii ya chumvi, gauni la vizibo ambalo halikupakwa vanishi litatoa madoa ya kahawia kabla hujapata mnunuzi. Paka kila kizibo baada ya kukigonga na kukitoboa, pande zote mbili, kabla ya kukiunganisha. Ukisubiri gauni liishe, tundu za waya hazifikiki tena.

Halafu piga hesabu ya uzito. Kizibo kimoja kina gramu 2 na ushei. Ukivipanga kwa nafasi ya sentimita 4 kutoka katikati ya kimoja hadi katikati ya kingine, mita moja ya mraba inakula vizibo 625. Gauni refu lenye sketi pana linaweza kufika mita 4 za mraba: hapo ni vizibo 2,500, yaani zaidi ya kilo 5 kabla hujahesabu waya. Mzigo huo wote ukiuachia safu mbili za waya pale begani, tundu zinapanuka, kisha zinaachia moja baada ya nyingine. Mimi hushona kwanza kizibao cha turubai ndani, kuanzia mabegani hadi kiunoni, na sketi naifunga kwenye mkanda wa kizibao hicho. Mtazamaji hakioni, na ndicho kinachobeba kazi yote.

Wengi mmevutiwa na El Anatsui, msanii Mghana aliyeishi na kufundisha miaka mingi Nsukka, Nigeria, na ambaye mwaka 2015 alitunukiwa tuzo ya Simba wa Dhahabu kwenye maonyesho ya sanaa ya Venice, Italia, kwa kazi ya maisha yake. Mnaona kazi zake zinavyojikunja na kumwagika ukutani, mnakimbilia vizibo vya soda na bia. Lakini yeye anatumia vizibo vya chupa za pombe kali, vya alumini, pamoja na ule ukanda wa shingo ya chupa, na anaviunganisha kwa waya wa shaba. Alumini ni nyepesi, inakunjika kwa vidole, haishiki kutu kama chuma. Mikunjo ile inayotushangaza imetokana na aina ya metali aliyoichagua, na hilo ndilo la kujifunza kwake. Ukitaka gauni linalolegea, tafuta vizibo vya aina hiyo. Ukitaka gauni linalosimama wima lenyewe, kama la askari, vizibo vya soda vinakufaa kuliko chochote.

Waya nao una mambo yake. Waya wa kufungia nondo ni wa bei nafuu na unakaza vizuri, ila unashika kutu na ncha zake zinachoma. Waya mwembamba wa shaba waombe mafundi wanaosuka mota, wanakuwa nao uliotolewa kwenye mota zilizoungua. Msichome nyaya za umeme ili kupata shaba. Moshi wa plastiki ile ni sumu, na unawapata majirani na watoto wao pia. Kila ncha ikunje kwa praizi iangalie ndani. Na kachome sindano ya pepopunda kabla hujaanza, usingoje hadi ujikate.

Kabla ya gauni lenyewe, tengeneza kipande cha mita moja kwa mita moja, ukitundike wiki nzima. Kipande cha ukubwa wa kiganja kitakudanganya, kwa udogo ule kila kitu kinakaa vizuri. Ni kwenye mita moja ndipo utaona kama kitu kinavutika, kinapinda upande, au kinakatika pale juu kilipofungwa.

Wale wa karatasi, kazi yenu ni nyepesi kwa mkono na ngumu kwa muda. Gazeti linageuka njano na kuwa kavu hadi linavunjika, hasa likipigwa na jua la dirishani, kwa hiyo litumieni tu kama kuchakaa huko ni sehemu ya kazi. Kwa kudumu napendelea karatasi ya mfuko wa saruji. Ing'uteni nje, mkiwa na barakoa na glavu, kwa sababu vumbi la saruji linaunguza ngozi na kifua. Futeni kwa kitambaa chenye unyevu, kisha ifinyangeni na kuinyoosha, tena na tena, mpaka iache kupiga kelele mkononi. Hapo inakubali marinda kwa pasi ya moto wa wastani, na inakubali hata sindano, mradi mishono isikaribiane mno ikaitoboa kama stempu.

Mbelgiji Isabelle de Borchgrave, aliyefariki mwaka 2024, alitengeneza upya magauni ya karne zilizopita kwa karatasi aliyoipaka rangi kwa mkono, ukiyatazama unaapa ni lasi na hariri. Pamoja na ustadi wake wote wa rangi, alifanya kazi na Rita Brown, mtaalamu wa mavazi. Ndiyo maana nasisitiza habari ya fundi cherehani.

Kuhusu plastiki nitasema kidogo. Walioijenga kazi yao juu ya mifuko ya rambo waliiona ikitoweka madukani: Kenya ilipiga marufuku Agosti 2017, Tanzania ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Ni heri kwa mazingira na ninafurahi, lakini msanii ajue kwamba kinachojaa mtaani leo kesho hakipo. Kusanya cha kutosha gauni zima kabla hujaanza kulitengeneza.

Sasa jambo linaloniuma. Msikubali kazi zenu ziitwe sanaa ya taka, zikaishia hapo. Mgeni akikusifu kwamba umesafisha mazingira, hajalitazama gauni lako bado. Hajaona kiuno ulichokibana, hajaona kwa nini mkono mmoja ni mrefu. Nawe usipokuwa na la kumwambia zaidi ya "vyote hivi viliokotwa jalalani", umemruhusu aondoke hivyo hivyo. Jiulize gauni hili ni la nani. La bibi harusi? La mama lishe anayeamka saa kumi usiku? La mwanafunzi aliyekatishwa shule? Vizibo vya baa kwenye gauni la mhudumu wa baa vinasema kitu ambacho kwenye gauni la malkia havisemi.

Na hapa uangalifu unahitajika zaidi mkigusa nguo za watu. Kanga ina pindo, mji na jina, na mtazamaji wa kwetu ataanza kusoma jina kabla hajaona kingine chochote. Ukikata jina katikati, atajaribu kulimalizia kichwani mwake, na atakalomalizia hulijui. Basi amua: ama jina lisomeke lote, ama lisionekane kabisa. Zaidi ya hapo, kuna familia zitakupa kanga za marehemu ukiomba. Nguo za marehemu kwetu hugawiwa kwa ndugu, kila mmoja na fungu lake, kwa hiyo aliyekupa huenda si mwenye nguo peke yake. Ongea na shangazi, ongea na wadogo wa marehemu, waeleze utazikata au hutazikata, na kama kazi itauzwa. Mmoja akikataa, rudisha. Kuna njia ya kuzitumia bila kuzikata: zikunje, zifunge, ziweke kama bitana ndani ya gauni la karatasi. Nimeona akina mama wakisimama mbele ya kazi ya namna hiyo kwa muda mrefu kuliko mbele ya kazi nyingine yoyote ukumbini.

Amua mapema pia kama gauni litavaliwa. Msanii Atsuko Tanaka wa Japani mwaka 1956 alilivaa mwenyewe gauni lake la taa za umeme za rangi, na hatari ya kulivaa ilikuwa ndiyo kazi yenyewe. Yinka Shonibare, msanii Mwingereza mwenye asili ya Nigeria, anayavisha masanamu yasiyo na vichwa magauni ya kizungu ya zamani, yaliyoshonwa kwa vitenge, nawe unabaki kujiuliza aliyevaa ni nani. Likivaliwa, linahitaji bitana nene, na mvaaji aweze kupumua na kukaa. Lisipovaliwa, mchomeleaji akutengenezee fremu ya nondo nyembamba, na mabega ya fremu yafuate vipimo vya kizibao chako cha ndani.

Kazi hii haifanywi na mtu mmoja. Anatsui ana wasaidizi wengi, na hafichi. Vijana wanaokugongea vizibo walipwe kwa siku, mkubaliane kabla, na gharama hiyo iingie kwenye bei ya gauni pamoja na siku zako mwenyewe. Bei ya vizibo ni sifuri, na mnunuzi atakukumbusha. Mjibu kwa siku za kazi.

Likiuzwa, usilisafirishe likiwa limetundikwa. Lilaze, weka shuka kati ya kila mkunjo ili vizibo visikwaruzane, anza kukunja kutoka pindoni kwenda juu, mabega yabaki juu kabisa ili yawe ya kwanza kushikwa sanduku likifunguliwa. Piga picha kila hatua, uzichape, uzibandike ndani ya mfuniko wa sanduku pamoja na uzito wa gauni na namba yako ya simu, kwa sababu atakayelifungua huenda ni mtu wa mizigo ambaye hajawahi kukuona wala kuiona kazi yako.