Swali la Lugha: Uimara au Udumifu wa Seli za Fueli?

Msomaji anayefasiri muhtasari wa utafiti ameuliza: “Je, ni sahihi kuandika ‘kuboresha uimara wa seli za mafuta za oksidi mango za joto la chini’? Mhariri anasema kirai hiki hakina kosa, lakini mimi mwenyewe nikikisoma sikielewi.”

Kisarufi mhariri hajakosea. Tatizo liko katika maana, hasa ya neno uimara. Kitu imara ni kile kisichovunjika wala kutikisika upesi, kama ukuta au nguzo, ilhali utafiti huo unazungumzia jambo jingine. Seli za oksidi mango ni vifaa vinavyozalisha umeme kutokana na fueli na oksijeni, na ndani yake mna tabaka jembamba la kauri (ndiyo oksidi mango yenyewe), mara nyingi zirikonia iliyochanganywa na itria, linalopitisha ioni za oksijeni, yaani chembe zake zenye chaji. Kauri hiyo yaweza kuwa imara kabisa, isiwe na ufa hata mmoja, na bado umeme wa seli ukapungua mwezi baada ya mwezi, ama kwa sababu chembe za nikeli kwenye anodi, yaani upande wa fueli, zinaungana na kuwa kubwa, ama kwa sababu mvuke wa kromiamu kutoka kwenye vyuma vinavyounganisha seli unatua kwenye kathodi, yaani upande wa oksijeni, na kuzuia oksijeni isipokelewe. Ndiyo maana watafiti hulipima jambo hili kwa asilimia ya uwezo unaopotea katika kila saa 1,000 za kazi. Swali lao ni seli itafanya kazi vizuri kwa muda gani, na jina la sifa hiyo ni udumifu. Neno uimara ulitunzie mahali panapozungumziwa kupasuka, kwa mfano seli inapopashwa moto na kupoa mara kwa mara, au nikeli inapooksidishwa na kuvimba.

Hata hivyo usiandike “kudumisha seli”. Tunadumisha amani au urafiki, yaani tunakifanya kilichopo kisikome, na hapo msomaji atadhani seli zinatunzwa tu, kumbe zinasanifiwa upya.

“Joto la chini” nalo linanisumbua zaidi, kwa kuwa laweza kusikika kama joto linalotoka chini, na tena halionyeshi kama linahusu oksidi au seli. Kipimo ni halijoto, na kinachotofautisha seli hizi na nyingine ni halijoto zinamofanyia kazi: za kawaida huhitaji takriban nyuzi 800 hadi 1,000 za Selsiasi, na hizi hukusudiwa kufanya kazi kwenye nyuzi 600 hivi au pungufu. Bado ni moto mkali, kwa hiyo mara ya kwanza utaje nyuzi zenyewe. Uhusiano wake na udumifu pia uonekane: halijoto ikishuka, kromiamu haivukizwi kwa wingi na nikeli haibadiliki upesi, ila mmenyuko wa oksijeni kwenye kathodi nao hupungua kasi.

Kuhusu neno mafuta, msomaji atafikiria kimiminika, ilhali fueli ya seli hizi yaweza kuwa hidrojeni, ambayo ni gesi. Andika seli za fueli.

Kwenye kichwa cha habari, “udumifu wa seli za fueli za oksidi mango katika halijoto ya chini” kinatosha. Ndani ya matini ningetumia kitenzi: “kuzifanya seli za fueli za oksidi mango zinazofanya kazi katika halijoto ya chini zidumu zaidi”.