Sindano ya mgongo: dada yangu alikataa, mimi nikakubali

Juzi msomaji mmoja wa Arua ameniandikia. Kaka yake aliacha ARV, dawa za virusi vya UKIMWI, mwaka jana, sasa kichwa kinamuuma wiki ya tatu na Panado haifui dafu. Hospitali wanataka kumdunga sindano ya mgongo, ile ya kutoa maji. Ukoo umekaa kikao, wazee wamesema hapana, sindano ile inaua. "Dada, uliwahi kuandika kwamba nawe ulilazwa. Tukubali?"

Nilimjibu neno moja, kubali, halafu usingizi ukanipaa. Jibu refu ndilo hili.

Najua wengi wenu mnanisoma kwa sababu ya biashara yangu ya viatu vya mitumba. Mnataka kujua robota lipi lina raba nzuri, mtaji wa kibanda cha pili unapatikana vipi. Mwaka 2016 nami nilikuwa na njaa hiyo hiyo. Nilikuwa na kibanda kimoja hapa Busia, upande wetu wa Uganda, nikaongeza cha pili. Usiku niko kwenye basi la Kampala, alfajiri niko soko la Owino nachagua mali, jioni nimerudi nauza. ARV nilikuwa nameza tangu 2011, lakini ile chupa hulia kama kayamba ndani ya mkoba, na kwenye basi jirani yako akisikia anajua. Nikaanza kuiacha nyumbani siku za safari. Siku za safari zikawa nyingi kuliko siku za nyumbani. Mwishowe hata kliniki sikwenda tena, na ajabu ni kwamba nilinenepa! Miezi 11 bila kidonge, nikajiona mjanja kuliko madaktari wote.

(Siku hizi natia pamba ndani ya chupa, hailii. Ingenigharimu shilingi ngapi kuyafanya hayo mapema?)

Juni 2017 kichwa kikaanza, nyuma ya macho. Zahanati ya kwanza wakasema malaria. Ya pili wakasema malaria na taifodi. Nikarudi tena, taifodi imezidi, nikachomwa sindano siku tano. Hakuna aliyeniuliza kuhusu ARV, nami sikumwambia mtu, kwa hiyo lawama tugawane. Wiki ya nne shingo ikakauka, mwanga wa mlango ukawa kama kisu, natapika na tumboni hamna kitu. Wiki ya tano nilikuwa nahesabu mauzo ya Jumamosi, kila noti nikaiona mbili. Nikadhani Mungu amejibu maombi. Nilipotazama mlangoni wateja nao walikuwa wawili wawili.

Dada yangu mkubwa ndiye aliyenibeba hadi hospitali kubwa Kampala. Pale walinitoa tone la damu kidoleni, wakalitia kwenye kikaratasi kama kile cha kupima mimba, na dakika 10 baadaye mistari ikawa miwili. Kipimo hicho kinaitwa CrAg. Daktari kijana, mpole, akaniambia nina fangasi inayoitwa kriptokokasi na huenda imefika kwenye utando wa ubongo. CD4 yangu, yaani hesabu ya askari wa kinga ndani ya damu, ilikuwa 23. Mtu mzima mwenye afya huwa nazo zaidi ya 500.

Neno fangasi lilinichekesha. Kwangu mimi fangasi ni ya vidole vya miguu, ya watu wanaovaa raba bila soksi. Hii ni nyingine. Inakaa kwenye udongo na kwenye kinyesi cha ndege, hasa njiwa, na tunaivuta puani bila kujua. Mwenye kinga nzuri huizuia, maisha yanaendelea. Kinga ikianguka, inatoka mapafuni inapanda kichwani. Haiambukizi kutoka kwa mtu hadi mtu, kwa hiyo hakuna haja ya kumtengea mgonjwa kikombe. Wifi yangu aliposikia habari ya njiwa alikwenda kwa jirani akadai ndege wote wachinjwe. Wakachinjwa. Yule jirani mpaka leo hanisalimii, na mimi nilikuwa kitandani sijui lolote. Kabla ya hapo wifi huyo huyo alikuwa akitangaza sokoni kwamba nimerogwa kwa sababu ya kibanda cha pili.

Turudi kwenye sindano. Dada yangu alikataa katakata. Alikuwa amekaa wodini siku mbili, ameona wawili wamedungwa na wawili wamefunikwa shuka. Hesabu yake ilikuwa hiyo. Simlaumu sana, ingawa kwa miezi nilimlaumu. Jambo asilolijua ni kwamba watu hukataa, hukataa, hukataa, wakija kukubali mgonjwa hajijui tena. Akifa, lawama inaiangukia sindano iliyokuja mwisho. Hiyo fangasi huzaliana kwenye maji yanayozunguka ubongo na kuziba pale maji yanapotokea. Maji yanajaa, fuvu halitanuki. Kinachopiga kichwani kama nyundo ni hayo maji, na njia ya kuyapunguza ni huko chini mgongoni.

Dada alipokwenda kununua chai nilimwita nesi nikamwambia mgongo ni wangu, leteni karatasi nitie sahihi.

Inauma, lakini nimezaa, najua maumivu. Walinilaza ubavu, nimejikunja kama kamba mtegoni, wakasimamisha mrija wa kupimia. Presha ya kawaida ya maji hayo haivuki sentimita 20 kwenye mrija, ikipita 25 ni hatari. Yangu ilipanda hadi 41. Wakayaacha maji yatoke polepole. Na hapa naomba mniamini: kabla hawajamaliza kunifuta, kichwa kilichoniuma wiki tano kilikuwa kimepoa. Nikaomba uji. Dada aliporudi na chai alinikuta nimeketi, akalia, halafu akanigombeza. Kesho yake kichwa kilirudi, wakanitoa maji tena. Jumla mara nne. Msomaji wangu, usishangae wakirudia, na wasiporudia wakati kichwa kimerudi, uliza.

Dawa yake ilikuwa dripu ya amfoterisini, siku 14. Kila jioni ikianza kuingia natetemeka mpaka kitanda kinalia. Inachokoza figo na kumaliza potasiamu mwilini, kwa hiyo hutanguliza dripu ya maji ya chumvi na kupima damu mara kwa mara. Siku ambazo maji ya chumvi yalikuwa hayapo wodini, dada alinunua nje. Leo mambo yamebadilika, na nikiri nina wivu kidogo. Mwaka 2022 yalitoka matokeo ya utafiti wa nchi 5 za Afrika, Uganda ikiwamo: dripu moja tu, ya aina mpya ya dawa hiyo hiyo kwa kipimo kikubwa, pamoja na vidonge vya flusitosini na flukonazoli kwa siku 14, inafanya kazi sawa na ile ya kila siku kwa wiki nzima, na madhara yake ni machache. Shirika la Afya Duniani likaipitisha mwaka huo huo. Hata hivyo katika utafiti huo karibu 25 katika kila 100 walikufa ndani ya wiki 10, wakiwa kwenye dawa nzuri. Kwa hiyo msiseme siku hizi ni rahisi.

Jambo jingine lililonitia hasira: walikataa kunirudishia ARV mara moja. Nikawaza, hawa wanataka nife? Kumbe kinga ikiamka ghafla huipiga fangasi ndani ya ubongo na ubongo wenyewe ukavimba. Utafiti uliofanywa Kampala, Mbarara na Afrika Kusini, uliotoka 2014, ulionyesha kwamba walioanza ARV ndani ya wiki 2 walikufa 45 kwa 100 katika miezi 6, na waliosubiri wiki 5 hivi walikufa 30. Nilisubiri. Mama wa kitanda cha pili alikuwa na chupa yake chini ya mto, anameza kwa siri usiku. Sitasema yaliyompata.

Nilitoka nikiwa na kilo 44 na sikio la kushoto lisilosikia vizuri mpaka leo. Nyumbani nikakuta kaka yangu ameuza marobota mawili kwa bei ya kutupa, "za hospitali", ingawa hospitali hazikufika hata shilingi moja. Nilianza upya na jozi 12 juu ya turubai. Flukonazoli nilimeza zaidi ya mwaka, mpaka CD4 ikapita 200. Leo nina vibanda vitatu. Ndiyo, nimesema vitatu, wifi asome.

Sasa nyinyi mnaoniandikia kuhusu mitaji, nisikilizeni. Mtaji ni kidonge cha saa tatu usiku. Umeacha dawa? Rudi, na ukirudi usikubali kupewa chupa tu ukaondoka. Siku hizi wanapima zaidi wingi wa virusi, CD4 inasahaulika. Iulize. Ikiwa chini ya 200, na hasa chini ya 100, omba CrAg ya damu hata kama huumwi popote, maana huonekana kwenye damu wiki kadhaa kabla ya kichwa kuanza, na wakati huo ukikutwa maji ya mgongo hayana fangasi, vidonge vinaweza kutosha. Na ukienda na kichwa kinachouma wiki mbili, mwambie daktari kuhusu ARV kabla hajaandika taifodi. Usione haya. Haya yangu ilinila miezi 11 na sikio.

Msomaji wa Arua, nimekupigia mara mbili, simu haipatikani. Ukipita hapa: waulize wazee wa kikao ni nani kati yao atakayekaa na kaka yako usiku huu, kisha mwite nesi. Na mwambie apime ile presha, asiishie kuchukua maji ya kupeleka maabara tu.