Jibu: Marufuku ilitangulia amri

Ndugu, umeuliza kama serikali ya Iran ilianza kuingilia mavazi ya wanawake baada ya mapinduzi ya Kiislamu ya 1979. Hapana. Januari 1936 Reza Shah, mfalme wa Iran wakati huo, alipiga marufuku hijabu, na polisi wakawavua wanawake chadori, vazi linalokaribiana na buibui letu, hadharani na kwa nguvu, hata baadhi yao wakajifungia majumbani. Naiona hiyo kuwa dhuluma sawa na kuwalazimisha kujifunika. Wanawake walipata haki ya kupiga kura 1963, na sheria ya familia ya 1967 ikapunguza uwezo wa mume kutoa talaka apendavyo. Machi 1979 maelfu ya wanawake, wakiwamo waliovaa hijabu kwa hiari, waliandamana Tehran kupinga kulazimishwa kujifunika, lakini kufikia 1983 asiyejifunika aliweza kuhukumiwa viboko hadi 74.