Usimponye huyo msichana kwenye filamu yako

Kabla ya kamera na vibali ulivyouliza, hebu sikiza. Umeandika kwamba filamu yako fupi ya Mji wa Kale ina msichana asiyevutiwa na mtu yeyote, si kimapenzi wala kimwili, na mshauri wako wa script anataka mwishoni ifichuke kwamba alidhulumiwa utotoni, kisha apate mchumba, "watazamaji waridhike". Usithubutu!

Mimi niliuziwa ushauri huohuo na bwana mmoja aliyekuja Mombasa kutufundisha uandishi wa filamu. Tulikuwa na onyesho zuri mno: barazani Kibokoni, shangazi anasuka ukili huku akiuliza harusi ni lini, naye msichana yuko juu ya mbuzi anakuna nazi, hajibu, wala hana huzuni yoyote. Mtaalamu akasema halieleweki, lazima pawe na jeraha. Basi tukarudi kurekodi, hela za sauti zikaishia hapo. Tukabandika mjomba mwovu, tukamalizia kwenye feri ya Likoni, msichana anamchekea kijana.

Siku ya kuionyesha, dada aliyetupa kisa cha maisha yake alikaa safu ya mbele. Taa zilipowashwa akaniuliza, "Nani alikwambia mimi niliumizwa?" Hadi leo hapokei simu zangu. Na yule bwana? Keshalipwa, keshapanda ndege. Watu wa namna hii hawajawahi kumuuliza hata mmoja wa hao wanaotaka kuwatibu!

Wenye pesa nao wameboronga vilevile. Kitabu cha katuni cha Jughead, cha Marekani, mwaka 2016 kilisema wazi kwamba kijana huyo Jughead hana hamu ya ngono. Mwaka 2017 tamthilia ya Riverdale, iliyotokana na katuni hizo, ikampa Betty awe mpenzi wake. Lakini mtazame Todd wa BoJack Horseman, katuni ya televisheni: alijitambua kwamba hana hamu ya ngono, akajitaja, akaendelea na biashara zake za ajabu. Hakupewa jeraha wala tiba, na anachekesha kuliko wote.

Tena amua: hataki ngono tu, au hata mapenzi hayataki? Hayo ni mambo mawili. Katika Slow, filamu ya Lithuania ya 2023, mkalimani wa lugha ya ishara hana hamu ya kimwili, lakini anampenda mcheza dansi kwa moyo wake wote.

Mjomba mtoe. Mchumba mtoe. Halafu nitumie script kabla hujakodi chochote, nianze na ukurasa wa mwisho.