Bodi ya leseni imeniamuru niache kusuka: nani anaisimamia?

Pole dada. Nimekuelewa: unasukia nyumbani huko Marekani, bodi ya vipodozi ya jimbo imekuandikia uache mpaka upate leseni, na unashuku waliomo ni wenye saluni wanaolinda biashara yao.

Kwanza soma barua vizuri, hasa tarehe ya mwisho ya kujibu. Usikae kimya, ila usikiri wala usilipe faini kabla ya kujua sheria yenyewe inasemaje. Majimbo mengi sasa yameondoa kusuka kwenye leseni. Texas ilifanya hivyo 2015. Mississippi unajisajili tu idara ya afya. Ila kemikali, kama dawa ya kulainisha nywele, ni habari nyingine kabisa.

Kuhusu wenye saluni, hujakosea kushuku. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua dhidi ya bodi ya madaktari wa meno ya North Carolina, iliyokuwa ikiwazuia wasio madaktari kung'arisha watu meno. Bodi inayoongozwa na wenye fani yenyewe haina kinga dhidi ya sheria za ushindani, yaani zinazokataza kuwazuia wengine kufanya biashara, isipokuwa jimbo liwe linaisimamia kwelikweli. Kwa hiyo malalamiko peleka kwa mwanasheria mkuu wa jimbo na kwa mbunge wako wa jimbo. Ofisi ya mbunge husaidia hata asiye raia.

Ukiona neno "kosa la jinai", au kama makaratasi yako ya uhamiaji bado hayajakamilika, tafuta wakili kabla ya kujibu chochote. Vituo vya msaada wa kisheria vipo, vingine bure.