Tisa wamehitimu, dakika 140 hazina mwenyewe

Barua za mpira wa kikapu za mwezi huu zimetoka Unguja na Pemba, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: timu ya chuo inapobaki na wachezaji wawili watatu, inajengwaje upya? Tumechagua tano.

Assalaam alaykum. Nafundisha timu ya wanaume ya chuo kimoja. Kati ya wachezaji 12, wanaohitimu mwaka huu ni 9. Naona vyuo vya Marekani vinajaza timu nzima kwa wiki chache kwa kuchukua wachezaji wanaohama kutoka vyuo vingine. Hapa kwetu nianzie wapi? (Kocha, Tunguu)

Waalaykumu salaam, kocha. Kabla hujatafuta jina la mtu, chukua daftari uandike dakika. Mchezo una dakika 40 na uwanjani mna watu 5, kwa hivyo kila mchezo unagawa dakika 200. Karatasi ya mezani haitakwambia nani alicheza dakika ngapi, inakuonesha nani aliingia tu, basi kaa na msaidizi wako mkadirie robo kwa robo kwa michezo mitano ya mwisho. Tuseme watatu waliobaki walikuwa wanacheza dakika 60 kwa jumla. Una dakika 140 zisizo na mwenyewe.

Hapa ndipo makocha wengi wanapoteleza. Wanawapandisha waliobaki hadi dakika 35 kila mmoja, kwa kuwa ndio wanaojulikana. Mchezaji aliyezoea dakika 20 unaweza kumfikisha 26 au 27. Ukizidisha hapo, miguu inakwisha robo ya nne, anaanza kuchelewa kurudi, na faulo ya tano inamtoa. Kwa hivyo watatu wako watabeba dakika 80 hivi, zikabaki 120. Hizo ni za watu watano au sita. Maana yake unatafuta watu watano au sita walio tayari kucheza leo, na nafasi tatu au nne zilizobaki uwape vijana ambao mwaka huu wataingia kidogo. Kocha anayesaka tisa walio tayari huishia kuahidi dakika asizokuwa nazo, na ifikapo mchezo wa nne chumba cha kubadilishia nguo kimejaa vinyongo.

Wa kwanza kumtafuta ni mchezeshaji, namba moja, mtu wa kuuvusha mpira katikati ya uwanja huku anabanwa. Timu mpya isiyo naye itabanwa uwanja mzima na kupoteza mpira kabla haijapanga chochote, wala hutajua wengine wana uwezo gani maana mpira hauwafikii. Wa pili ni mtu mrefu wa kulinda chini ya kikapu na kuchukua ribaundi, yaani mipira inayorudi baada ya mtupo kukosa. Watupaji wa pointi tatu waache mwisho. Wapo wengi kuliko unavyodhani na ndio rahisi kuwafundisha.

Milango yako ni mitatu. Anayehama kutoka chuo kingine ni adimu kwetu, kwani uhamisho wa shahada unafuata taratibu za TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) na vyuo viwili kukubaliana masomo gani yahesabiwe. Usimpe mazoezi kabla ya ofisi ya taaluma kumpa jibu, na soma kanuni za mashindano yenu kuhusu usajili wa mwanafunzi, maana mchezaji mmoja asiye halali anaweza kuifutia timu nzima matokeo. Mlango wa pili ndio tunaoupenda zaidi: waliomaliza diploma wakaingia shahada. Mwili umekomaa, ameshazoea maisha ya chuo, na bado ana miaka mitatu mbele. Mlango wa tatu ni kidato cha sita. Mtihani wao ni Mei na matokeo hutoka Julai, kwa hivyo mazungumzo yafanyike mapema, kabla kijana hajazama kwenye vitabu. Ukisubiri wiki ya mapokezi utapata waliobaki.

Jambo moja la mwisho, nalo ndilo lililokufikisha hapa. Andika mbele ya kila jina mwaka atakaohitimu. Watu tisa hawaondoki pamoja kwa bahati mbaya, waliingia pamoja. Weka kikomo: wasizidi wanne wa mwaka mmoja katika kikosi cha 12. Ikibidi umwache mchezaji mzuri wa mwaka wa mwisho ili umchukue wa mwaka wa kwanza aliye chini yake kidogo, mwache.

Hivyo hao Marekani wanafanyaje? Chuo cha Kentucky walibaki bila mtu na mwaka huo huo wakafika mbali. (Msomaji, Kikwajuni)

Ni kweli. Kocha Mark Pope alipokabidhiwa Kentucky Aprili 2024 hakurithi hata mchezaji mmoja wa skolashipu. Aliwachukua tisa waliohama, na watatu kutoka skuli za sekondari. Msimu wa 2024-25 walishinda 24 wakafungwa 12, na wakaingia timu 16 bora za taifa. Ukiitazama orodha yake utaona kila mtu alikuja na kazi inayojulikana: Lamont Butler kutoka San Diego State kulinda na kuchezesha, Koby Brea kutoka Dayton kutupa pointi tatu, Amari Williams kutoka Drexel kuwa senta (mtu mrefu wa chini ya kikapu) anayeweza kupiga pasi.

Utaratibu wenyewe ni huu. Tangu Oktoba 2018 kuna portali ya uhamisho, orodha ya mtandaoni ya wachezaji wanaotaka kuhama. Mchezaji anakiarifu chuo chake, chuo kina siku mbili za kazi kuliingiza jina lake, na hapo tu makocha wengine wanaruhusiwa kuzungumza naye. Portali ina dirisha, yaani kipindi maalumu cha kuingiza majina. Mwaka 2025 upande wa wanaume lilikuwa la siku 30, kuanzia 24 Machi. Zamani aliyehama alikaa msimu mzima nje. Mwaka 2021 akaruhusiwa kuhama mara moja bila kukaa nje, na tangu 2024 anaweza kuhama hata kila mwaka mradi masomo yake yako sawa. Hilo la masomo linapimwa kwa hesabu: akianza mwaka wa tatu awe amemaliza asilimia 40 ya shahada, wa nne 60, wa tano 80. Hapo ndipo wanaohamahama hukwama, kwa sababu chuo kipya kinaweza kukataa baadhi ya masomo ya chuo cha zamani.

Lakini tazama na upande wa pili wa Kentucky. Wengi wa wale tisa walikuwa mwaka wa mwisho, hivyo msimu ulipokwisha kazi ikaanza karibu upya. Kabla ya hapo Butler, Jaxson Robinson na Kerr Kriisa waliumia, na pengo lao likazibwa na vijana wa mwaka wa kwanza kama Collin Chandler na Trent Noah. Bila wale wa skuli pale benchini, Pope asingekuwa na wa kumwita.

Sisi tunaipenda zaidi njia ya Chuo cha Florida, mabingwa wa vyuo wa 2025 walioifunga Houston 65-63 kwenye fainali. Magadi wao (wachezaji wa nje, wanaouleta mpira) watatu walioanza wote walihamia, ila hawakuja siku moja: Will Richard alitoka Belmont 2022, Walter Clayton Jr. akatoka Iona 2023, Alijah Martin akatoka Florida Atlantic 2024. Alex Condon na Thomas Haugh waliingia 2023 wakiwa wa mwaka wa kwanza kabisa, wakakulia hapo. Senta Rueben Chinyelu, Mnigeria, alihamia 2024 kutoka Washington State. Kila mwaka waliongeza kipande juu ya kilichokuwapo, na waliokuwapo wakawafundisha wageni namna timu inavyolinda.

Nina kijana aliyekuwa akifunga pointi 20 kila mchezo kwenye timu dhaifu, sasa anataka kuja kwetu. Nimwamini? (Kocha msaidizi, Mwanakwerekwe)

Pointi usizitazame kwanza. Kwenye timu dhaifu mpira wote unapitia kwake. Kwako atapata nusu ya mitupo ile, mbele ya walinzi warefu zaidi. Tazama vitu vinavyosafiri na mtu: ribaundi za upande wa kushambulia, mipira anayoiba, faulo anazosababisha, na hasa mitupo huru. Mtupaji anayetia mitupo huru 80 kati ya 100 ana mkono sahihi hata kama pointi tatu zake mwezi huu haziingii. Anayetia 55 kati ya 100 lakini pointi tatu zake ni 9 kati ya 20, hizo 20 ni chache mno kumhukumia.

Mfanyie kipimo hiki. Atupe mitupo huru 50, kumi kumi, na kati ya kila kumi akimbie uwanja mara mbili kwenda na kurudi. Andika kila kumi peke yake. Akianza na 9 akamalizia na 5, tatizo ni pumzi, nalo linatibika kwa wiki sita. Akipata 5 mwanzo hadi mwisho, tatizo ni mkono, na hilo ni kazi ya mwaka. Kama uwanja wenu ni wa wazi, usimpime pointi tatu siku ya upepo mkali wa kusi ukaandika matokeo kana kwamba ni ya ndani. Mpime siku mbili tofauti, magoli yote mawili.

Kisha muulize swali moja: uko tayari kucheza dakika 22 na kutupa mara nane? Akinyamaza, umeshajibiwa. Timu yenye watu watatu waliozoea kuushika mpira husimama uwanjani ikimtazama mmoja anadunda.

Mwanangu ana miaka 17, urefu mita 1.96, yuko kidato cha nne. Watu wananiambia Marekani siku hizi wanachukua wanaohama tu, wa skuli hawatakiwi. Nimkatishe tamaa? (Mama, Chake Chake)

Usimkatishe, mama, ila ujue mlango umekuwa mwembamba. Kocha akiweza kumpata mtu wa miaka 22 aliyekwisha kucheza misimu mitatu, anasita kumpa nafasi wa 18. Na nafasi zina kikomo: kwa vyuo vya daraja la kwanza la NCAA (chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani) vilivyoingia kwenye makubaliano ya mahakama ya 2025 kuhusu malipo ya wachezaji, kikosi cha wanaume ni watu 15. Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, alicheza misimu mitatu UConn (Chuo Kikuu cha Connecticut) kisha akachaguliwa wa pili NBA mwaka 2009. Zama zake kocha aliweza kumsubiri kijana akue. Leo huyo kijana anasubiriwa zaidi kwenye vyuo vya miaka miwili au vya daraja la pili, halafu yeye mwenyewe ndiye anakuwa wa kuhama.

Masomo kwanza. Daraja la kwanza la NCAA linataka masomo ya msingi 16 na wastani wa 2.3 kwa kipimo chao, daraja la pili 2.2. Mtihani wa SAT si sharti la NCAA tena tangu 2023, ingawa chuo chenyewe kinaweza kuutaka. Mwandikishe kwenye kituo chao cha uhakiki mapema. Kituo hicho kina mwongozo wa vyeti vya kila nchi, na humo ndimo unamotazama cheti cha kidato cha nne kinavyohesabiwa. Hifadhi ripoti za kila muhula zenye muhuri wa skuli.

Kuna mtego unaowanasa wengi wa kwetu. Kwa kanuni iliyosimama miaka mingi daraja la kwanza, mchezaji ana miaka mitano ya kucheza misimu minne, na saa inaanza kugonga siku anapojiandikisha masomo ya kutwa katika chuo chochote duniani, hata cha hapa Zanzibar. Kijana akiingia chuo hapa mwaka mmoja "kusubiri bahati", mwaka huo umeliwa. Vilevile asitie saini mkataba wa kulipwa wala wa wakala kabla hajahakikiwa.

Video iwe ya dakika nne, namba ya jezi yake ionekane tangu mwanzo, na uambatishe mchezo mmoja mzima bila kukatwa. Makocha wanaruka madaha, wanatazama anavyorudi kulinda baada ya kukosa. Mpime urefu miguu mitupu, na upana wa mikono iliyonyooshwa. Ukisema 2.00 na akifika ni 1.96, hawatakuamini na mengine.

Kuhusu fedha: wanachuo wa huko wanaruhusiwa kulipwa kwa majina yao tangu Julai 2021, lakini mwenye viza ya masomo ya F-1 hana uhuru huo, kwani kazi ya malipo inaweza kumharibia viza. Akihama chuo, rekodi yake ya viza lazima ihamishwe na apewe fomu mpya ya I-20, ambayo chuo humpa mwanafunzi mgeni kwa ajili ya viza. Na yeyote anayekuomba pesa kwa ahadi ya "nafasi ya uhakika" mfungie mlango. Ofa ya kweli huja kwa maandishi kutoka chuoni.

Timu mpya, wiki nane kabla ya mashindano, na Ramadhani imo katikati. Nifundishe michoro (mipango ya mashambulizi) mingapi? (Mwalimu wa michezo, Wete)

Mitatu. Mmoja dhidi ya ulinzi wa mtu kwa mtu, mmoja dhidi ya ulinzi wa eneo, mmoja wa kurusha mpira kutoka chini ya goli. Wiki mbili za mwanzo usifundishe hata mmoja, fundisha kulinda na kuitana majina kwa sauti, maana wageni hawajuani na mwanya hufunguka pale ambapo kila mtu anadhani mwenzake ameuziba. Mwezi wa Ramadhani fanyeni mazoezi baada ya tarawehe, dakika 60 hadi 75, maji yawepo pembeni, na mbio nzito ziwe siku mbili tu kwa wiki. Wanaokaa mbali na uwanja wapangie usafiri wa kurudi kabla hujapanga saa ya kuanza, la sivyo wiki ya pili watakuja sita.