Hotuba za Marais wa Mwanzo wa Marekani: Maswali ya Wakusanyaji

Natafuta chapa ya kwanza ya hotuba ya kuaga ya Washington. Ni gazeti au kijitabu?

Ni gazeti. Washington hakuisoma hotuba ile mbele ya watu. Alimkabidhi David Claypoole, mchapaji wa Philadelphia, aliyeitoa katika gazeti lake, American Daily Advertiser, tarehe 19 Septemba 1796. Wengine wote walinakili kutoka hapo. Hata hivyo, mimi navipenda sana vijitabu vya mwaka uleule kutoka miji midogo: bei yake ni nafuu, na vinaonyesha maneno yalivyosafiri kutoka mtambo mmoja hadi mwingine.

Tumerithi Ulster County Gazette la tarehe 4 Januari 1800, lenye tanzia ya Washington. Tumetajirika?

Pole, yaelekea hapana. Gazeti hilo lilichapwa upya mara nyingi mno katika karne ya 19, likauzwa kama kumbukumbu. Nakala halisi zinazojulikana ni chache sana.

Ipime karatasi kwanza. Ishike mbele ya dirisha lenye mwanga. Enzi ile karatasi ilitengenezwa kwa matambara ya kitani na pamba, rojo likachujwa kwenye wavu wa nyaya. Ndiyo maana utaona mistari myembamba iliyosongamana, ikikatizwa na mingine iliyoachana. Kisha pitisha kidole taratibu nyuma ya ukurasa. Herufi za risasi zilikandamizwa kwa nguvu, na mara nyingi vinundu vyake bado vinahisika. Ukikosa dalili hizi, usiendelee kuota. Ukiziona, bado mpelekee mtaalamu, kwa sababu waigaji nao walijua kutafuta karatasi nzuri.

Kwa nini hotuba ya Jefferson ya 1801 ina chapa nyingi hivyo?

Jefferson alikuwa na sauti ndogo. Siku alipoapishwa, 4 Machi, wengi ukumbini hawakumsikia. Lakini alikuwa amempa Samuel Harrison Smith, mchapaji wa gazeti la National Intelligencer, nakala mapema, kwa hiyo watu walipotoka walikuta imekwisha chapwa. Zipo hata zilizochapwa juu ya hariri. Ukibahatika kuiona moja, itazame kwa macho tu. Hariri kuukuu hukatika kwenye mikunjo.

Ukurasa wangu umechanika. Nitumie selotepu?

Usithubutu! Gundi yake huingia kwenye karatasi na kuacha doa la kahawia. Utie kwenye bahasha isiyo na asidi, mbali na jua na unyevu, mpaka upate fundi wa kuhifadhi nyaraka.